Mizinga Mitatu

Sheria ya Vermont inamwachia muflisi
ng'ombe mmoja, mbuzi wawili, kondoo kumi,
kuku kumi, na chakula chao cha majira ya baridi.
Inamwachia mizinga mitatu ya nyuki
pamoja na asali iliyomo.
Odile Thibault hana hata paka.

Mimi karani tu, nachapa.
Yeye kaketi, koti hataki kulivua,
mkoba kaukumbatia magotini.
"Hebu soma tena hapo pa nyuki."
Nasoma. Anacheka hadi miwani inaingia ukungu,
kisha hacheki.

Kukopa harusi, kulipa matanga, wanasema.
Yeye harusi yake hakuiona.
Armand alilala wodini siku arobaini na moja,
na maua ya kaburini hayajanyauka
bili zikaanza kupiga hodi:
ya mashine iliyompumulia,
ya daktari ambaye hata jina lake hawakulijua,
ya helikopta,
Armand, mtu aliyeogopa ngazi!

Alijaribu. Dawa ya deni ni kulipa,
akainywa miaka miwili, kijiko kwa kijiko,
mpaka ikampalia.

Tunaendelea.
Jiko, linabaki.
Cherehani, inabaki, na kuni zote za bandani.
Mshahara wa kiwanda cha jibini: robo tatu ni yake,
na ile robo waliyokuwa wakiimega kila Ijumaa
wataacha kuimega ombi likishagongwa muhuri.
Pete.
Anaizungusha kidoleni, haivui, ananitazama
kana kwamba mimi ndiye mdai.
Inabaki, mama.

Pikipiki ya theluji, ile aliyojinunulia Armand
majira yake ya mwisho, bado imefunikwa turubai:
hapo nanyamaza.
Wakili chumba cha pili anakohoa.
"Andika," anasema Odile. "Andika na rangi yake. Nyekundu."

Theluji inateleza kutoka paani, puu,
sote wawili tunashtuka.

"Na hao nyuki, mtu akiwa hana,
serikali inampa?"
Sheria haigawi, mama. Inabakiza tu.
"Ndivyo nilivyodhani."

Akatia saini, herufi moja moja,
kama mtu anayeshona kifungo.
Kalamu yangu akaitumbukiza mkobani, akaenda zake.
Nilimwona dirishani akifuta kioo cha gari kwa mkono wa koti.
Sikuidai.