Kisu Kisicho na Ncha

"Hiki kinachinja ng'ombe," anasema Nsimire,
na anakiinua juu ya meza yake ya vyuma hapa Kadutu,
kirefu kama mkono wa mtoto,
ncha yake inatafuta pa kuingia.

Dada, mimi sichinji.
Mimi ninashuka chini ya maji ya Kivu
kuwatolea watu walivyoviangusha:
mota ya boti, funguo, simu iliyokwisha kufa,
mara moja jino la dhahabu, usiniulize la nani.

Anacheka. "Na huko chini unamwogopa nani?
Mamba hakuna."

Naogopa uzi.

Uzi mwembamba kuliko unywele, rangi yake maji.
Mwezi wa tatu, mbele kidogo ya Nguba, mita kumi na moja,
wavu wa sambaza uliokatika, uliosahauliwa,
ulikuwa bado unafanya kazi bila mshahara
kama mwalimu wa serikali.
Ulianza na kifundo cha mguu.
Nikageuka kuutazama: kosa.
Ukashika na mtungi, nyuma ya kichwa,
pale ambapo mkono hufika lakini hauoni.

Kisu nilikuwa nacho, tena cha Ulaya,
bei ya mbuzi wawili,
nimekifunga kwenye mguu kama wale wa picha.
Mguu uleule.
Askari na mfungwa ndani ya selo moja.

Byamungu ndiye aliyenifungua,
kwa makasi ya nesi, yale ya kukatia suruali za majeruhi,
mdomo butu kama wa bata.
Kacha. Kacha.
Aliyanunua dola mbili kwenye lango la hospitali,
na hadi leo, tukinywa bia, huyaweka mezani
bila kusema neno.

Basi nisikilize, Nsimire, shusha upanga wako.
Nataka kifupi, kiganja kikimeze.
Upande mmoja uwe na meno, maana kamba nene
haikatwi, inapigwa msumeno.
Upande wa pili laini, kwa ajili ya uzi.
Mpini mwekundu usinipe:
kule chini wekundu unakufa kabla yetu,
unageuka tope. Nipe manjano.
Nitakivaa kifuani, mkono wowote ukifikie,
hata ule wa kushoto, mvivu.
Na ncha, hapana.
Mkono wenye hofu haujui kamba na ngozi,
haujui wavu na mpira unaoniletea pumzi.

Ananitazama kama mtu aliyeomba ugali usio na unga.
Kisha anainama,
anasukuma masufuria, gunia, viatu vya mtoto,
anatoa kimoja chenye vumbi.
"Kilivunjika ncha. Tangu Pasaka hakuna anayekitaka."

Meno upande mmoja.
Mpini wa manjano, umekwaruzwa.
Nimenyamaza, lakini macho yangu ni mapumbavu,
yamekwisha kusema bei.

"Elfu kumi na tano."
Kwa kilichovunjika?
"Kilichovunjika ulikitafuta wewe."

Nataka kukijaribu. Hana uzi wa nyavu.
Anavuta msuko mmoja kutoka begani, mrefu, mweusi:
"Hii nayo ni nailoni. Kata huku mwisho,
ukigusa juu utalipa na saluni."
Nakata. Hausikiki hata mlio.
Kinywele kinaangukia kati ya majembe na bawaba,
sote wawili tunakitazama.

Elfu kumi na mbili. Ananifungia kwenye gazeti,
ingawa hakina cha kumchoma mtu.
Nimekwisha piga hatua tatu kushuka mteremko
ananiita kwa sauti ya kuuza nyanya:

"Wewe wa majini! Pale kwenye gati la boti za Goma,
ukikuta pete, nyembamba, yenye herufi M ndani,
iache hapohapo.
Haikuanguka."