Nyeupe Haipakwi

Maonyesho ya kumi na tisa. Ukumbi uleule wa parokia,
huku juu Kadutu, na bati linavuja palepale,
juu ya ukuta wa kaskazini ambao kila mwaka
tunaapa hatutautundikia kitu,
na kila mwaka kuta hazitoshi, tunautundikia.

Mimi ni mwandishi wa chama. Kazi yangu hesabu:
wanachama ishirini na mmoja, wanaolipa ada wanane,
misumari nusu kilo, viti vya kuazima,
soda za wageni wa heshima
watakaofika saa nane kwa mwaliko wa saa nne.

Bomba halitoi tangu Jumanne.
Ndio mji wetu: ziwa chini, mvua juu,
katikati watu na ndoo zao.
Mama Cibalonza, mjane, amepanda ngazi zote zile
na bidoni ya lita tano, akaitua mezani:
"Ya ziwa. Alisema ya bomba ina dawa, inaua buluu."
Sijui kama ni kweli.
Hakuna aliyewahi kuthubutu kujaribu.

Ntakwinja. Mchora ramani wa ofisi ya ardhi,
miaka thelathini akivipaka viwanja vya watu rangi nyepesi:
waridi kwa makazi, kijani kwa mashamba,
buluu kwa miteremko isiyofaa kujengwa
ambako wenye pesa walijenga,
na nyumba zikashuka na udongo, usiku,
hadi pale pale alipokuwa ameandika: *hapana*.
Mshahara ulipokoma akabeba kilichobaki mezani,
visanduku sita vya rangi iliyopasuka kwa ukavu
na brashi moja ya manyoya.
"Leta inanidai brashi," alisema, "nami naidai mishahara."
Ndivyo chama kilivyozaliwa, kwa wizi mdogo.
Hilo halimo katika hotuba niliyoandika.

Wala halimo hili: alikuwa na ulimi wa wembe.
Alinichania karatasi mbele ya watoto.
"Umeogopa, Cirhuza! Umejaza kila pembe
kama mtu anayeziba nyufa.
Nyeupe haipakwi. Nyeupe inaachwa."
Sikurudi miezi minne.
Niliporudi hakuuliza nilikokuwa. Alinisogezea
kikombe chake kisicho na mpini,
tukachovya brashi maji mamoja.

Mwaka huu tuna picha yake moja. Ya mwisho.
Pale ziwa linapojikusanya kuwa Ruzizi:
anga, mlima wa ng'ambo, mabati yenye kutu,
halafu, chini, karatasi tupu.
Hakuna ziwa.
Kamati ilibishana wiki mbili.
Wapo waliosema kifo kilimkatiza.
Wapo waliosema ziwa ndilo hilo, saa saba ya mchana,
jua likilipiga hadi lisionekane.
Kwenye orodha nikaandika: *Bila jina. Haiuzwi.*
Kwa penseli, niweze kufuta.
Mjane akaitundika mwenyewe. Ukuta wa kaskazini.

Mvua ya Bukavu haibishi hodi.
Saa tisa ilikuwa ndani, umeme ukaondoka nayo,
watu wakawasha simu, tukakimbilia ukuta,
huyu ameshika soko la Nyawera, yule ameshika mama yake.
Tone likaiangukia ya Ntakwinja, kileleni.
Nikanyoosha mkono. "Acha," akasema Cibalonza.

Kijani kikateremka kikiyumba,
kikavuka mabati, kikaingia kwenye weupe
na kusimama.
Ningependa kuandika kwamba likawa ziwa.
Lilikuwa doa.

Nshobole, wa miaka tisa, wa darasa la Jumamosi,
alilimulika muda mrefu kwa simu ya babake.
"Sasa na mvua iko mwanachama?"
Watu wakacheka gizani, hata mjane, kidogo.

Hotuba sikuisoma, ilikuwa imelowa.
Nikafungua daftari, nikatafuta penseli:
wanachama ishirini na wawili.
Wanaolipa, wanane.