Mguu Uliozoea Trekta

Mara ya kwanza waliniangusha kwa kujikokota.
Barabara ya hamsini, mimi ishirini na saba,
nyuma yangu basi, nyuma ya basi lori la maziwa,
nyuma ya lori nusu ya mji wa Łomża
wananisindikiza kama maiti.
Aliyesema polepole ndio mwendo
hakuwahi kutahiniwa leseni.

Mara ya pili, thelathini na nane
mbele ya shule, palipoandikwa thelathini.
Hizo nane nilizitoa wapi, mimi?
Woga ulinikalia juu ya kiatu
ukakididimiza.

Leo ni ya tatu. Novemba. Ukungu wa mto Narew
umepanda hadi kwenye taa za barabarani.
Bwana Kurpiewski ananukia peremende,
kalamu ameichomeka sikioni kama seremala.
"Twende," anasema, wala haniangalii;
anaangalia mshale.
Nao mshale, jamani, ni mwembamba mno
kwa kiumbe mwenye amri kubwa hivyo.

Miaka arobaini nimeendesha trekta.
Mwendo wake naujua kwa makalio, si kwa macho:
viazi vikitulia nyuma, ni sawa;
vikianza kugongana, punguza.
Hapa nyuma hakuna viazi. Kuna kiti kitupu
na mkanda uliofungwa bure.
Nani atanigongea, nijue nimezidisha?

Nainua kidole gumba cha mguu, sio mguu.
Hilo alinifundisha mjukuu wangu Jagna
jikoni, mizani ya unga chini ya kiatu changu:
"Bibi, gramu mia mbili. Mia mbili hamsini. Hapo! Usipumue."

Arobaini na tisa.
Arobaini na tisa.
Kituo cha mafuta, kanisa, ngazi za benki,
hamsini na moja — mteremko!
Gia ya tatu. Injini inaguna
kama ng'ombe aliyeamshwa, inashika.
Arobaini na saba.
Kalamu imetoka sikioni. Imerudi? Sijui,
siwezi kuwatazama wakubwa wawili.
Nimechagua mshale.

Kisha bango la mji lililokatwa mstari mwekundu,
mashamba, ruhusa ya tisini,
na mbele yetu, Mungu wangu, trekta.
Jekundu, tela limejaa, matope yanadondoka mabonge mabonge,
ishirini na tano kamili.
Mguu unashuka wenyewe, unakaa,
na kwa dakika nzima mimi ni mtu mwenye raha zake
nyuma ya viazi vya watu.

"Mstari umekatika," anasema Bwana Kurpiewski,
kama anauambia ukuta.
Ni kweli. Nyeupe, nafasi, nyeupe, nafasi.
Kioo. Kioo. Bega. Taa ya kushoto.
Gramu mia tano, Jagna. Kilo. Kilo na nusu!
Sitini, sabini, gari linavuta pumzi
na mimi nimeizuia yangu,
gurudumu kubwa linapita dirishani kwa mtahini,
matope yake yote nayaona, kila jino,
kisha dereva, kijana, kofia ya sufu,
na kabla sijajikataza nimeinua kidole kimoja
kutoka kwenye usukani,
kama tunavyosalimiana shambani.
Naye anainua chake.

Kulia tena. Themanini na mbili.
Naziachia gramu moja moja.
Kalamu inaandika kitu kirefu.
Kidole, je? Kidole nacho ni kosa?
Katika kitabu chote cha sheria sikukiona.

Uwanjani nazima injini. Mshale unalala sifuri;
mguu wangu unaendelea, mia, mia, mia.
Bwana Kurpiewski anafungua mkanda, anakohoa.
"Yule wa trekta," anauliza, "ni mwanao?"
"Simjui."
Anatikisa kichwa, anageuza karatasi,
ananionyesha pa kutia sahihi.

Kalamu yake bado ina joto la sikio.