Senti Moja kwa Neno

Scranton, Pennsylvania, mwaka wa thelathini na nne.
Verna Osterhout anapiga taipu juu ya ubao wa pasi;
meza iliuzwa Machi, pamoja na saa ya ukutani.

Neno moja, senti moja.
Ndiyo maana jambazi wake hafi upesi:
anapigwa risasi, anayumba, anashika mwimo wa mlango,
anamkumbuka mama yake kule Missouri, anamwita,
anayumba tena.
Kifo hicho kimelipa maziwa ya wiki mbili.
Shujaa naye hajui kujibu "ndiyo" akanyamaza;
sharti aape kwa farasi, kwa kaburi, kwa nyota ya kifuani.
Verna anahesabu kwa ncha ya penseli:
kiatu kimoja cha Lowell. Bado cha kushoto.

Lugha yangu hii ingemfilisi.
*Nisingalimuua*:
muuaji, marehemu na majuto
wamebanana ndani ya neno moja,
senti moja.
Kwake yeye ni maneno sita. Karibu mkate mzima.

Mhariri, Bwana Pruett wa New York, aliandika:
wachimba makaa hawaiamini bastola ya mwanamke.
Basi jaladani akawa Clint Varrow, mzaliwa wa jangwani.
Farasi pekee amjuaye Verna
ni yule mzee wa gari la barafu, mwenye jicho moja.
Na mchoraji, ambaye hakusoma hata mstari,
alimfunga kamba msichana wa gauni jekundu.
"Kwenye hadithi," Verna alimwambia muuza magazeti,
"huyo ndiye mwenye bunduki."
Muuza magazeti akampa chenji.

Karatasi yenyewe ilikuwa masalia ya mbao,
rangi ya chai kabla mtoto hajaota meno ya pili,
ukifunua ukurasa, pembe inabaki kidoleni.

Mwaka wa arobaini na tatu wavulana walipita na toroli:
karatasi kuukuu, kwa ajili ya vita.
Verna akashusha matoleo themanini, ngazi tatu,
bila kufungua hata moja.
Yakapondwa, yakawa maboksi,
na maboksi yakatiwa risasi
zisizolipwa kwa neno.
Lowell alikuwa Sicily. Barua zake zilikuwa fupi.

Nakala niliyo nayo ilinusurika
kwa kuwa iliegemeza mguu wa jiko.
Panya wamekula kurasa tatu za mwisho.
Jambazi bado ameshika mwimo wa mlango,
anamwita mama yake,
anayumba.