Inchi Moja na Nusu

Fundi Wepukhulu hakuniuliza nataka urefu gani.
Alipiga goti kwenye changarawe ya gereji yake, Mbale,
akapitisha kiganja chini ya gari
kama anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba,
akautoa mkono umejaa kutu.
"Unabeba nini?"

Viazi, nikasema. Vitunguu.
Magunia thelathini kutoka Bukwo, msimu ukiwa mzuri.
"Na usiku?"

Nilikuwa nimekuja na inchi nne kichwani.
Nilikuwa nimeziona kwa kijana mmoja wa Kapchorwa,
landkruza yake imenyanyuka kama jogoo anayevuka dimbwi,
watoto wakiikimbilia barabara nzima.
Nani hataki kukimbiliwa?
Na mfukoni nilikuwa na milioni mbili na ushee,
pesa ya mavuno, na pesa ya mavuno
ina kelele kuliko debe tupu.

Wepukhulu akachora mchangani kwa bisibisi:
hapa chesisi, hapa ekseli, hapa shafti.
Ukiinua hapa, shafti inapinda shingo.
Ikipinda shingo inanguruma, kisha inatafuna misalaba yake,
kisha unalala njiani hadi viazi vichipue.
"Na ule mteremko wa kwenda Suam, unaolalia bonde?
Gari refu lina moyo juu.
Moyo ukikaa juu, bonde linauita."

Lile swali la usiku sikulijibu.

Usiku simu yangu ni ya kijiji kizima.
Mvua za Aprili waliniamsha saa nane,
nikampakia Yapsiwa, mimba ya kwanza, na mama mkwe wake,
gari tupu, springi nimeziongeza majani mawili
kwa ajili ya viazi.
Springi ya magunia thelathini haimjui mtu mmoja.
Kila shimo lilimrusha, kila jiwe likamrudisha.
Hakulia. Kabla ya mto alinigusa bega,
akasema taratibu, kama anayeomba maji:
"Simamisha, kaka. Nitatembea."

Akatembea.
Matope hadi juu ya vifundo, mkono begani kwa mkwewe,
mimi nyuma yao kwa gia ya kwanza
nikiwamulikia njia,
dereva wa gari lililoshindwa na miguu.

Hayo sikumwambia fundi. Nilimwambia tu:
nipe laini.

Akacheka, bila dharau.
"Laini itaatamia kama kuku
ukifika gunia la kumi na tano.
Utakwangua nchi mpaka Kapchorwa."

Tulibishana hadi chai ikaota ngozi.
Alipanga springi sakafuni, jozi baada ya jozi,
akazigonga kwa spana nisikilize,
nami nikatikisa kichwa kama ninayesikia tofauti.
Nyingine zilitoka kwenye gari la kubebea maji,
ngumu kama neno la hakimu.
Nyingine zilikuwa zimechoka, zimenyooka,
zimesahau kwamba ziliwahi kuwa upinde.
Nikachukua za kati. Inchi moja na nusu.
Shokapu mpya za mafuta, bushi za mpira.
Pesa ikanyamaza.

"Na magunia mawili ya mchanga," akasema akijifuta,
"hayo siuzi, jaza mwenyewe.
Ukiitwa usiku, yalaze juu ya ekseli.
Springi hutulia ikipewa kazi."

Yapo barazani kwangu.
Kuku wamekwisha kuyazoea.
Mtoto wa Yapsiwa hujishikilia moja wapo
akijifunza kusimama, na huanguka,
na hulishikilia tena.

Jana mama yake alikuja kumchukua,
akasita kando ya gari.
Akainua mguu hadi kwenye kikanyagio, akaushusha.
"Limepanda."
Kidogo tu, nikasema, nikaanza kumweleza
habari za shafti, na bonde, na moyo wa gari.
Hakunisikiliza. Alikuwa anapima tena, kwa goti,
mkono mmoja kiunoni.
"Kwa mwenye uchungu," akasema, "weka kigoda."