Chupa Mbili

Umeme umekatika wodini, Nyamizi,
jenereta inakohoa tu, haijawaka.
Nesi kanihurumia, kaniacha nikae.
Ninachosikia gizani ni wewe:
ti, ti, ti,
vali ya chuma waliyokushonea Dar es Salaam
ikifunga, ikifungua.
Mjukuu wako Kalunde aliuliza kama bibi amemeza saa.
Ulicheka hadi ukashika mshono.

Miaka ishirini na sita nilishika swichi za reli hapa Tabora:
ya Kigoma ipite, ya Mwanza ipite,
ya Mpanda isubiri.
Kwa hiyo daktari aliponieleza, sikuhitaji mchoro.
Jino bovu ni stesheni ndogo.
Mdudu anapanda pale bila tiketi,
damu inambeba, hashuki popote
mpaka auone moyo wenye chuma kigeni.
Hapo anashuka. Hapo anajenga.

Tukawa watu wa mswaki, sisi wazee.
Ulikataa kung'olewa jino kule Kanyenye,
ukamwonyesha fundi kadi yako: dawa kwanza, saa nzima kabla.
Akaona unaringa.
Wifi yako Mbula akaleta asali ya Sikonge
aipake juu ya kovu.
Tuliila na mihogo. Alinuna hadi Idi.

Halafu Jumanne, homa.
Wala si kali: thelathini na nane na kidogo,
lakini shuka nililikamua.
Jirani: malaria. Muuza dawa: malaria,
na vidonge vya rangi mbili vikiwa kiganjani,
"Mpe hivi, mzee, vinaua kila kitu."
Mkono wangu ulishanyooka.
Wewe ndiye uliyeuvuta.
"Damu kwanza. Nikimeza sasa
mdudu atazimia nusu, wasimwone, na bado yumo."

Sasa dripu iko mkononi mwako
na chupa mbili zenye jina lako
zimo katika kabati la joto, chumba cha tatu kutoka hapa.
Siku tano, wamesema. Kama kuna kitu, kitaota.
Tangu nistaafu nalima tumbaku;
sijawahi kuomba mbegu isiote.

Jenereta imewaka. Nimefikiria kabati kabla ya taa,
Mungu anisamehe.
Mlio wake umekufunika, sikusikii tena.
Nasogeza kiti,
naweka sikio karibu na kanga.

Ti.