Namba ya Upole

Barabara ya Tisa, Ngamiani, saa nne na robo asubuhi.
Feni ya kompyuta inahema
kama mtu aliyepanda Magoroto kwa miguu.
Ndani yake kuna harusi:
saa tatu na nusu za harusi ya Chuda,
naipika tangu alfajiri iwe faili moja,
na Bwana Shekigenda ameshapiga simu mara mbili.

Ndipo akaingia Bi Mwantumu Mntangi,
miwani yake ina uzi badala ya mkono mmoja.
Anataka orodha. Ile ya wastaafu wa mkonge,
majina elfu nne mia mbili na kumi,
wanaodai tangu shamba lilipobadili mwenyewe
na mwenyewe akabadili jina.

Nikamfungulia, nikampa kipanya.
"Zungusha hapa, mama, kwa kidole, itashuka."
Haikushuka. Iliduwaa,
kisha ikaruka kutoka B hadi K, pwaa,
kama mwanafunzi anayeiba kurasa.
Akarudi juu. Ikaganda. Ikaruka.
"Mwanangu, haya majina yananikimbia."
Akaweka kidole kwenye kioo, ayashike.

Najua kinachotokea mle.
Kichwa cha mashine hii ni kimoja, cha mtumba,
wanaokitaka ni mia na ushee,
waja leo waondoka leo, kila mmoja na zamu yake
fupi kuliko kufumba jicho.
Ukurasa unaoteleza hautaki makuu:
mara sitini kwa sekunde unabisha hodi,
nipisheni nichore, mara moja tu, naondoka.
Ukichelewa kuitikiwa, picha ile imepotea,
na jicho la Bi Mwantumu linaona shimo.
Harusi yenyewe haijui hodi.
Imekaa sebuleni, imekunja miguu, inakula,
na mgawa zamu anawapimia sawasawa,
kijiko kwa kijiko, haki tupu,
mwenye njaa ya kutwa na aliyeomba funda la maji.

Kuna namba. Waliotunga mfumo waliiita ya upole.
Mpandishie mtu upole hadi kumi na tisa
anakuwa kama mkwe ukweni:
anajipakulia wengine wakishanawa.
Nikaandika mstari mmoja, nikabonyeza.
Harusi ikasogea ukingoni mwa mkeka.

Feni haikunyamaza.
Mashine haikuongeza mbio hata chembe.
Ila orodha ilishuka
kama singa za mkonge zitokazo kwenye korona,
nyeupe, ndefu, bila fundo.

Wala hakukimbilia M.
Alianza A.
"Huyu alikuwa mkata, mkono wa kushoto.
Huyu alinidai kanga, kafa sijamlipa.
Huyu, jamani! Kumbe aliitwa Anthoni?
Sisi tulimwita Redio."
Mstari kwa mstari, na kila alipotaka kusimama
ukurasa ulisimama naye.

Simu ya Bwana Shekigenda, mara ya tatu.
Nikamwambia nusu saa zaidi.
Kwa nini?
Kuna mtu mbele yako.
"Mbele yangu? Mimi nimekuja jana!"
Kweli. Alikuja jana.

Mntangi, Hamza. Kitalu cha kumi na moja.
Pembeni ya jina, neno moja: INASUBIRI.
Bi Mwantumu alilisoma mara mbili,
akalipandisha, akalishusha,
likaenda na kurudi bila kukwaruza.
"Sasa inasoma vizuri," akasema.
Akatoa mia tano, nikaikataa,
akaiacha juu ya kibodi, kwenye herufi za katikati.

Nikairudisha namba kwenye sifuri.
Harusi ikakaa tena sebuleni,
ikanyoosha mkono kwenye sinia.